Siagi Haitaki Maneno

Majirani walimwita Bi Kimya, na kwa kweli walikuwa wanamsanifu, maana mama yule Mungu alimpa mdomo kisha akampa na wa akiba. Aliweza kumsema mtu asubuhi mpaka chai ikapoa, akaipasha moto, akaendelea pale alipoishia. Jina lile lilitokana na jambo moja tu. Siku ya kusukasuka malai, ule utando mzito wa juu ya maziwa, kifuniko cha pipa la kusukia kikishafungwa na mkono wa pipa hilo ukaanza kuzungushwa, jikoni kwake hakuna aliyeruhusiwa kutoa neno mpaka siagi itoke. Siagi haitaki maneno. Ndivyo alivyofundishwa na mama mkwe wake, ambaye naye alifundishwa na wake, na kati yao wote hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Marehemu mumewe alikuwa akisema kwamba hiyo ndiyo saa pekee ya amani katika nyumba ile, na kwamba angekuwa na uwezo angenunua ng'ombe wengine ili siagi itengenezwe kila siku.

Pipa lenyewe lilikuwa dogo, la mbao, limefungwa mikanda ya chuma na kulazwa juu ya kigoda chake kando ya dirisha. Ubavuni lilikuwa na mkono wa chuma uliong'arishwa na viganja vya wanawake wa nyumba ile, na ndani makafi ya mbao ya kuyapiga malai. Chini kulikuwa na tundu lenye kizibo, la kutolea mtindi, yale maziwa mepesi yanayobaki siagi ikishajitenga.

Asubuhi hiyo aliyeketi kando ya pipa alikuwa mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee. Bi Kimya mwenyewe alikuwa amesimama mezani akisugua bakuli la kuoshea siagi. Tangu jana vidole vyake vilikuwa vinatetemeka kidogo, kijiko kikawa kinagonga gonga kikombe, akajiambia kwamba uzee haubishi hodi. Ndiyo maana leo alimwachia mwenzake kazi ya kuzungusha.

Kati ya wanawake hao wawili palikuwa na jambo, na jambo lenyewe lilianzia kwa ndama.

Majani yalikuwa yamekauka, na mwanawe alikuwa amekwenda kumfunga ng'ombe kule bondeni kwenye kijito, ambako bado kulikuwa na ukijani. Haikupita muda, ndama akaanza kutetemeka miguu ya nyuma. Mkwe alimwona wa kwanza. Alikuja jikoni na ndoo tupu mkononi, akasema kwa adabu, macho chini, "Mama, kwetu ndama aliwahi kutetemeka hivi hivi. Ng'ombe alikuwa amekula gugu baya, lile lenye maua meupe. Walisema sumu yake inapita kwenye maziwa. Tulimwaga yote."

"Kwenu mlikuwa na ng'ombe mmoja, tena wa kuhesabika mbavu," Bi Kimya alijibu. "Huyu Malkia namjua tangu yumo tumboni mwa mama yake. Maziwa ya mama yake ndiyo yaliyomkuza huyo mume wako unayejivunia."

Mkwe hakubishana. Mkwe yule hakuwa mtu wa kubishana, na hilo lilimkera Bi Kimya kuliko matusi. Alinyamaza, kisha akafanya alilotaka. Tangu siku ile yeye na mumewe wakawa wanakunywa chai ya rangi, na mtoto wao, binti wa miaka mitatu, akawa anapewa uji mtupu, usiotiwa hata tone la maziwa.

Mume kunywa chai ya rangi lilikuwa jambo la kuchekesha. Bi Kimya alimwambia mwanawe hadharani kwamba amekaliwa, tena amekaliwa kichwani. Lakini mtoto kunyimwa maziwa ya nyumba yao, mbele ya macho ya bibi yake, hilo halikumchekesha hata kidogo. Lilimchoma. Mjukuu yule alikuwa ndiye furaha yake iliyobaki duniani. Alimwita mke mwenzangu, kama bibi wengi wanavyotaniana na wajukuu wao wa kike, na kumwambia kwamba babu amewaachia nyumba wao wawili tu, hao wengine ni wapangaji. Sasa mpangaji mmoja alikuwa anamfundisha mke mwenza kuyaogopa maziwa ya bibi yake kama dawa ya panya.

Kwa hiyo jana alfajiri, na leo tena, kabla wengine hawajaamka, Bi Kimya aliengua malai juu ya chungu cha maziwa, akatia sukari, akaita kwa kidole. Mtoto akaja miguu peku. Akala kikombe kizima, kile cha bati chenye ua lililobanduka rangi.

"Usimwambie mama," bibi alisema, akimfuta midomo kwa upindo wa nguo yake.

"Simwambii," mtoto alijibu, akacheka.

Walikuwa na siri yao wawili, na Bi Kimya alirudi kulala moyo umemtulia.

Sasa jua lilikuwa limepanda, na mtoto alikuwa amerudi kulala. Uji wake ulikuwa pale pale mezani umeota ngozi. Alisema tumbo linamuuma, akajikunja kitandani, akasinzia. "Anakua," Bi Kimya alikuwa amemwambia mkwe. "Mtoto akiwa anakua hulala sana. Na uji wenyewe huo, hata mimi ningeukimbia." Mwanawe naye hakuwepo, ameondoka mapema kwa baiskeli, eti anafuata dawa ya kupe. Mama yake hakuuliza zaidi.

"Sitakataa kuzungusha, mama," mkwe alikuwa amesema walipokuwa wakimimina malai ndani ya pipa. "Malai umeyakusanya kwa jasho lako. Ila naomba asionje mtu mpaka baba yake mtoto arudi."

"Zungusha," alisema Bi Kimya. "Na ukishaanza, mdomo utie pamba. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi."

Mkono ukaanza kuzunguka. Mwanzoni malai yalipiga kelele za majimaji, chubwi, chubwi, yakigonga mbao huku na huku. Bi Kimya alikuwa hahitaji saa wala kufunua kifuniko. Masikio yake yalijua kila hatua. Baada ya muda sauti ingezama, malai yangekuwa mazito na mkono kuwa mgumu, na ndipo wavivu wengi wanapoacha. Kisha ghafla ungekuja mwanguko, na siagi ingejitenga na mtindi.

Akachukua kitambaa, akakiloweka maji baridi, akalifunika pipa mgongoni ili malai yasipate joto. Chini ya meza paka alikuwa amelala ubavu. Tone la malai lilikuwa limedondoka karibu kabisa na pua yake. Paka yule, ambaye siku nyingine angepigana na binadamu kwa tone kama lile, alilitazama tu. Bi Kimya alimsukuma kwa ncha ya mguu. Paka akajaribu kuinuka, miguu ikamtawanyika, akalala tena. Jana alikuwa amemmiminia bakuli zima la malai.

Ameshiba, alijiambia.

Alipoinua uso alimkuta mkwe anamtazama. Mkono ulikuwa unazunguka, bega linapanda na kushuka, lakini macho ya mwanamke yule yalikuwa yanatoka kwa paka yanakwenda dirishani, yanatoka dirishani yanakuja kwake. Dirisha lile lilitazama zizi. Kutoka alipokuwa, Bi Kimya aliona ukuta wa zizi tu na kipande cha mbingu.

"Mama," mkwe akasema.

Bi Kimya akainua kidole.

"Mama, nje huko..."

Kidole kikaenda midomoni, kikabaki hapo. Kwa ukali wa macho, maana mdomo wake nao ulikuwa umefungwa na sheria ile ile, alimwonyesha pipa. Neno moja tu na siagi haitoki, malai ya siku zote zile yanaharibika, na baadaye wanasema Bi Kimya ana mkosi. Alikuwa amewanyamazisha watu wazito kuliko huyu. Aliwahi kumnyamazisha fundi aliyekuja kumwambia paa linavuja, akamwacha amesimama mlangoni huku maji yakiingia, mpaka siagi ilipotoka. Watu walilicheka jambo hilo muda mrefu, na yeye akatembea nalo kifua mbele.

Mkwe akafunga mdomo. Machozi yalimjaa, yakabaki machoni bila kudondoka. Akaongeza kasi, akizungusha kama mtu anayekimbia, na Bi Kimya akamkodolea macho. Kwa nini huyu alie? Malai si ya mama yake.

Sauti ya pipa ikazama. Jikoni pakawa kimya isipokuwa ule mzunguko mzito. Malkia alilia zizini mara moja, mlio mrefu. Kwa kawaida ndama wake humjibu upesi. Bi Kimya akatega sikio. Malkia akalia tena.

Akajiambia ndama amelala. Akajiambia mchana ukiwa na joto hata ndama hulala. Alikuwa hodari wa kujijibu kabla hajaulizwa, na siku ile alijijibu mengi. Vidole vyake vilipokataa kukamata kishikio cha bakuli, alijijibu. Alipokumbuka kwamba mtoto hakucheza tangu alipoamka mara ya pili, hata yule mdoli wake wa vitambaa hakumwokota sakafuni, alijijibu pia. Lakini majibu yalikuwa yanazidi kuwa mafupi. Alitamani kwenda chumbani kumwangalia mtoto. Hakwenda. Hakuna aliyeondoka jikoni siagi ikiwa karibu, na yeye ndiye aliyeilinda sheria hiyo.

Mkono wa pipa ukawa mgumu. Mkwe akashika kwa mikono miwili, jasho likimtiririka shingoni. Kisha mwanguko ukaja, ule mlio wa kitu kizito kinachodondoka ndani ya maji, na Bi Kimya akapumua.

"Imetoka," alisema kwa sauti kubwa. Neno la kwanza lilikuwa lake kila mara. Alifungua kifuniko, akatazama, moyo ukamrudi mahali pake. Siagi ilikuwa imejikusanya chenga chenga, ya manjano, safi, inanukia. Hajapata kuona siagi nzuri kuliko ile. "Njoo utazame. Njoo uyaone hayo maziwa yenye sumu. Kitu kibovu kinatoa siagi kama hii?"

"Mama, ndama..."

"Utaniambia. Subiri kwanza."

Akalikalisha bakuli chini ya tundu, akavuta kizibo. Mtindi ukatoka, mweupe wenye povu. Kikombe cha kwanza kilikuwa cha mtoto, ndiyo haki ya mdogo wa nyumba, tangu enzi za mumewe. Akachota kwa kile kikombe cha bati chenye ua lililobanduka. Mkono wake ulitetemeka, mtindi ukamwagika kidogo kwenye kifundo. Akageuka kuelekea chumbani. "Mke mwenzangu," aliita, "amka, kuna kitu chako."

Mkwe akasimama mlangoni.

Hakuwa amewahi kumzuia njia mama mkwe wake, hata kwa bahati mbaya. Alikipiga kikombe kwa kiganja kikaruka hadi ukutani. Kisha akageuka, akalishika pipa kwa mikono yote miwili, akalipindua. Siagi na mtindi vikamwagika sakafuni, vikapita chini ya meza, vikamzunguka paka, naye hakusogea.

Bi Kimya aliinua mkono ampige. Ungeshuka, Mungu pekee ndiye angejua wangepatanaje, lakini mlango wa nje ulifunguliwa na mwanawe akaingia mbio, suruali imejaa vumbi.

"Mmeyanywa?" aliuliza. Hakusalimu. "Mama, mmeyanywa? Nimetoka kwa daktari wa mifugo. Kasema ni lile gugu la bondeni, ng'ombe wa kijito kile wamelila. Kasema maziwa yasinywewe, siagi isiliwe. Ndama nimempita hapo nje. Amekufa."

"Nilimwona akianguka," mkwe alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Alianguka tulipoanza tu. Nilitaka kukwambia, mama."

Mkono wa Bi Kimya ulikuwa bado uko juu. Akaushusha, akaufuta kwenye nguo, akaona unatetemeka, akauficha.

"Kasema watu wazima wanaweza kuugua wakapona," mwanawe aliendelea. "Anayemhofia ni mtoto. Mtoto akinywa, kasema, akipoteza hata saa moja kabla ya kufikishwa hospitali, hapo ni kudra ya Mungu."

"Afadhali," mkwe akasema. Akajiegemeza ukutani, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. "Afadhali mwanangu hajagusa. Tangu ndama alipoanza sijampa hata tone. Mungu wangu, afadhali."

Mwanawe akavuta pumzi, akamshika mkewe bega. Nyuso zao zote mbili zilikuwa zinafunguka.

Bi Kimya alisimama katikati ya jiko lake, mtindi ukimlowesha miguu. Aliyejua alikuwa yeye peke yake, na mtoto aliyeahidi kutosema. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Labda malai kidogo tu hayadhuru. Labda kweli anakua. Atabaki mama katika nyumba yake, na sakafu itafutwa. Akisema, huyu binti aliyemdharau atamtazama kwa macho ambayo hakuna mama mkwe anayeyataka, na atakuwa na haki. Alifungua mdomo. Mficha maradhi, walisema wa zamani, kifo humuumbua. Lakini maradhi yenyewe hayakuwa yake.

"Nimempa," alisema.

Hawakumsikia vizuri.

"Nimempa mimi. Malai. Jana alfajiri kikombe, na leo kikombe. Nilitia sukari." Akamgeukia mkwe. "Nilimwambia asikwambie."

Hakuna aliyempigia kelele. Angeshukuru kama wangempigia kelele. Mkwe alimtazama, na uso uliokuwa unafunguka ukajifunga taratibu. Kisha akatazama pipa lililolala ubavu, mkono wake wa chuma ukining'inia, na Bi Kimya akaelewa anachokifikiria, maana na yeye alikuwa anakifikiria hicho hicho. Ndama alianguka walipoanza kuzungusha. Kama neno la mkwe lingeruhusiwa kutoka, na la Bi Kimya lingetoka, na sasa hivi mtoto angekuwa mikononi mwa madaktari. Saa waliyoipoteza ilikuwa imemwagika pale sakafuni pamoja na siagi.

Mkwe akakimbilia chumbani. Walimsikia akimwita mtoto jina lake la nyumbani, akaita tena, kisha kikasikika kilio chembamba cha mtoto anayesumbuliwa usingizini. Alitoka amembeba, kichwa kimelala begani, miguu midogo inatikisika kwa tetemeko lile lile. Mtoto alifumbua macho, akamwona bibi yake.

"Sijasema," alimwambia, kwa sauti ya kukauka.

"Sema, mke mwenzangu," Bi Kimya alijibu. "Sema yote. Waambie wote huko uendako."

Lakini walikuwa wameshatoka. Baba alikuwa ameshapanda baiskeli, mama akaruka nyuma na mtoto kifuani, wakateremka njia ya kokoto bila kugeuka. Bi Kimya aliwafuata hadi mlangoni. Akashika fremu ya mlango mpaka wakapotea kwenye kona.

Akarudi jikoni akaketi kwenye kigoda cha pipa. Paka alikuwa amekwisha kuacha kupumua. Nje Malkia alilia, akasubiri, akalia tena, na zizini hapakuwa na wa kumjibu. Bi Kimya akashindwa kuvumilia kimya kile. Akaanza kusema. Alisema na jikoni tupu, alisema na pipa, alimsihi marehemu mumewe amwombee, akamwambia kila kitu tangu siku ya ndama, neno kwa neno, bila kujitetea. Alisema mpaka sauti ikamkauka na kivuli cha dirisha kikahamia ukuta wa pili. Kila alipofika mwisho alitega sikio barabarani asikie baiskeli, akaanza upya.